Mstari Uliofunikwa

Kaka Anaeli,

Mama ametoka sasa hivi na jani la isale mkononi. Amelikata mwenyewe kwenye mpaka wa shamba letu la kihamba, kule juu unakopita mfongo wa maji, akalifunga fundo, akajifunga kitenge chake cha kanisani na kuniambia nisimfuate. Anakwenda kwa Elisante. Ndiyo, Elisante wako, yule yule. Mimi nimebaki barazani na kompyuta mapajani nakuandikia, kwa sababu nikikaa bure nitamkimbilia njiani, na mama hapendi kukimbiliwa.

Unajua mambo ya isale. Ukiletewa na mtu aliyekukosea, umefungwa mikono, huna ruhusa ya kukataa kumsamehe. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini Elisante alifukuzwa kaburini kwako, kaka. Mama alimfukuza kwa mdomo wake, mbele ya mchungaji na usharika mzima. Sijui kama jani lina nguvu ya kufika mpaka huko.

Wacha nikueleze, maana wewe uliondoka mapema na hukuona lolote kati ya haya. Ndiyo kawaida yako, unaondoka chakula kikiwa bado jikoni. Mambo ya juu mlimani siku ile unayajua wewe. Mimi nakupa ya huku chini.

Elisante, kiongozi wenu mkuu, alituambia hivi. Asubuhi mlianza kushuka kutoka kambi ya juu. Godi, kiongozi msaidizi, alitangulia na wageni na wagumu wengine, wabeba mizigo wenzako, akijua wewe na Elisante mko nyuma yake. Hamkufika mbali. Ulikaa kwenye jiwe ukasema unapumzika kidogo tu, na ulipotaka kusimama miguu ikakataa, na kifua chako kikawa kinakoroma kama chungu kilicho jikoni. Elisante akakufunika koti lake, akarudi juu hadi pale wanapopata mtandao, akaandika kwenye programu ya kampuni kwamba hujiwezi, waleteni machela na oksijeni. Akaona alama ya kijani. Alama ya kijani maana yake ofisi ya Moshi imepokea. Akarudi kukaa na wewe, mkasubiri.

Kila nikifika hapa nataka kurusha kitu ukutani. Machela haikuja. Simu yake ikazimika kwa baridi. Mwishowe alikubeba mgongoni, mwanaume mzima mwenye mabega kama yako, na alipokutana na watu waliokuwa wanapanda, ulikuwa umeshanyamaza.

Hayo ni ya Elisante. Ofisini kwenu walituonyesha kingine. Nilikwenda na mama, bado tuko kwenye msiba, hata nguo hatujabadili. Karani akageuza skrini tuone. Palikuwa na mstari mmoja mbele ya jina lako: "Kundi la Elisante. Anaeli anakohoa kidogo ila ana nafuu, tunashuka naye." Umepokelewa mchana, saa zile zile ambazo Elisante anadai alikuwa anaomba machela. Karani akasema aliona huo huo, akamshukuru Mungu, akaendelea na kazi. Mtu angetuma machela kwa nani, kwa mgonjwa mwenye nafuu?

Mama aliusoma ule mstari kwa sauti, kisha akasema, "Njia ya mwongo ni fupi." Tukapanda gari kurudi Marangu.

Basi watu wakamaliza wenyewe. Wengine walisema Elisante alilala. Wengine kwamba aliona kuita waokoaji kutamharibia jina kwa wageni, akaandika una nafuu, na ulipokufa akatunga habari ya alama ya kijani. Siku ya kukuzika alikuja na suti yake ile ya harusi, akapanga foleni na wengine kutia udongo. Mama akamshika mkono. Akamwambia, "Wewe usiguse udongo wa mwanangu." Elisante akaumwaga ule udongo pembeni ya njia, akaondoka akipita kwenye migomba, hakupita getini. Ninyi mlikuwa mnatumia njia ile mkichelewa shule.

Baada ya hapo mama alianza kungoja isale. Alisema akija na isale, atapokea, yeye ni Mkristo na ni Mchaga pia, atafanyaje. Alikaa hapa hapa barazani jioni baada ya jioni akiangalia njia. Elisante hakuja. Nilikwenda mimi kumuuliza, unajua mdomo wangu. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe, mlimani ameacha kupanda. Sikumwamkia hata shikamoo. Nikamwambia mama yetu anaisha kwa kungoja, leta hilo jani yaishe. Alichomeka panga ardhini, akasema, "Aika, isale ni la aliyekosa. Nikilileta nitakuwa nimesema kwamba sikumtafutia Anaeli msaada. Nitamwambia nini siku tukikutana?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyokwenda, maana mwongo hasemi hivyo. Au ndivyo anavyosema mwongo hodari, sikujua. Nilichojua ni kwamba kati ya mtu mmoja na mstari mmoja, nyumba yetu imechagua mstari. Na mstari, kaka, ni kazi yangu. Wewe ndiye uliyenipa cheo: fundi wa vitu visivyoshikika.

Unakumbuka siku uliyoniuliza kanzidata ni nini? Ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na chokoleti za wageni mfukoni, zimevunjikavunjika, na shingo imekakamaa kwa mizigo. Nikakwambia ni majedwali, kila mtu ana mstari wake, ukibadilisha kitu kipya kinakaa mahali pa cha zamani. Ukauliza cha zamani kinakwenda wapi. Nikasema hakiendi popote, hakipo tena. Ukacheka mpaka chai ikakupalia. Ukasema, "Kumbe kompyuta ina kichwa cha kuku. Inakumbuka punje ya mwisho tu." Nilichukia, nikakueleza mambo ya nafasi na kasi, nawe ukaitikia "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu" huku unamtupia kuku makombo.

Basi programu ya kampuni yenu ilikuwa na kichwa cha kuku. Bosi wenu aliniruhusu kuingia ndani yake nione, sijui kwa huruma au kwa kuogopa kelele zangu. Niliipekua yote. Kila mgumu alikuwa na mstari mmoja. Ujumbe ukija, unakaa juu ya uliokuwepo, na uliokuwepo umekwenda. Haikuandika nani kautuma, maana viongozi wote wa kundi walikuwa wanaingia kwa jina moja na neno la siri moja, na lile neno la siri liliandikwa kwenye kipande cha boksi jikoni. Haikuandika ujumbe umetungwa saa ngapi, ila umefika saa ngapi. Na simu ikishaona alama ya kijani nayo inausahau ujumbe, isijaze nafasi. Kwa hiyo hata kama Elisante alituma, hakuna mahali popote duniani palipokumbuka. Asiyekuwepo na lake halipo. Hata yeye aliyekuwepo, lake halikuwepo.

Sikumwambia mama. Ningemwambia nini? Kwamba inawezekana? Mama hakuwa anataka "inawezekana". Alikuwa na mtoto ardhini.

Niliomba kazi ya kuiandika upya ile programu, nikapewa. Sharti langu lilikuwa moja, hakuna kinachofutwa. Jambo likibadilika, hatubadilishi mstari, tunaongeza mwingine, na wa zamani unabaki na namba yake ya toleo. Kila toleo linabeba jina la aliyeandika, saa aliyoandika na saa lilipofika Moshi. Saa mbili tofauti, kaka, hapo ndipo nilipogombana na kila mtu. Na linaloonekana juu kabisa ni lile lililoandikwa mwisho, siyo lililofika mwisho. Mmoja akija na habari ya zamani, anakaa kwenye nafasi yake huko nyuma, na skrini inageuka nyekundu ili mtu mwenye macho aamue.

Bosi alisema seva itajaa. Nikamwonyesha kwamba maneno hayana uzito, picha za wageni na kilele ndizo zinazojaza seva yake. Akasema nani atasoma matoleo yote hayo. Nikamwambia mama yangu angesoma.

Viongozi ndio walionipa shida zaidi. Walidhani nawatega. Mmoja wa Machame alisimama kwenye kikao akasema hii ni kamera ya maneno, sasa kila tukikosea herufi mtatuita ofisini. Wengine wakapiga meza. Na walikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu waliona jinsi mstari mmoja ulivyomla Elisante. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, wao ndio wanaoandika vidole vimekufa ganzi. Sikuwabishia. Niliwaambia tu kwamba Elisante angekuwa na hii, leo tungejua, kwa uzuri au kwa ubaya. Godi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alichukua neno lake jipya la siri, akalisoma mara mbili, akaniuliza, "Dada, likisahaulika?" Kila mtu akacheka, kikao kikaisha.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ni wiki hii hii.

Nilikuwa ofisini Moshi, mchana, karani ameenda kuchukua chapati. Kuna mgumu wa Rombo anaitwa Aloisi, huenda mlipishana njiani, mfupi, anaimba sana. Kwenye skrini jina lake likapanda juu: "Aloisi ameanguka, haongei vizuri, anatapika. Nipo naye juu ya kambi. Leteni machela." Ameandika kiongozi mkuu wa kundi. Nikashika simu kuwapigia waokoaji, na kabla hata haijaita, skrini ikawa nyekundu. Ujumbe mwingine wa Aloisi umeingia.

Kaka, kwenye programu ile ya zamani huu wa pili ungekuwa ndio wa pekee. Ule wa machela ungefunikwa hapo hapo, mbele ya macho yangu, na karani angerudi na chapati zake akute amani. Sasa ilikuwa mistari miwili. Wa machela ulibaki juu. Chini yake ule mpya, na maandishi pembeni: umeandikwa asubuhi, umefika mchana, mwandishi Godi.

Waokoaji walipokea, wakauliza wanakwenda au hawaendi, maana nao waliona nyekundu. Nikapiga kelele, "Nendeni! Nendeni, huo wa chini ni wa asubuhi!" Sijawahi kumpigia mtu kelele za namna ile tangu nikupigie wewe ulipokula sungura wangu. Wakaondoka na ile machela ya gurudumu moja. Hapo ndipo ulipoanza muda wa kusubiri, nami kwa mara ya kwanza nikajua Elisante alikaa na nini pale kwenye jiwe. Mimi nilikuwa na paa na soketi ya umeme na bado sikuweza kukaa kitini.

Katika kusubiri huko nikausoma ule mstari wa chini, kwa mara ya kwanza kwa makini. "Aloisi anakohoa kidogo ila ana nafuu, tunashuka naye."

Nikausoma tena.

Maneno yale yale. Hata "ila" ile. Nimeusoma mstari wako mara nyingi kuliko Baba Yetu, siwezi kukosea. Nikaenda kwenye matoleo ya nyuma ya wagumu wengine, safari zote alizokwenda Godi tangu tulipobadilisha. Huyu anaumwa kichwa kidogo ila ana nafuu, tunashuka naye. Yule tumbo linamsumbua kidogo ila ana nafuu, tunashuka naye. Ndivyo anavyoandika, kila asubuhi, kila mtu, kabla ya chai, ndani ya hema. Elisante hajawahi kuandika "ila" maishani mwake. Elisante anaandika kama anapasua kuni: Hawezi. Leteni. Njooni.

Aloisi aliteremshwa akiwa hai. Yuko hospitali, ameanza kuimba, manesi wamechoka naye. Nakwambia mapema usiwe na wasiwasi naye.

Godi alipofika Moshi nilimngoja getini. Sikumkaripia, nilimuuliza tu huwa anaandika saa ngapi ripoti zake. Akasema asubuhi, mapema, yeye anapenda kumaliza. Halafu? Halafu mara nyingi simu inazimika kwa baridi kabla haijatuma, basi anaitia kwapani wakati wa kushuka, na akifika kambi ya chini penye mtandao anaiwasha, inajituma yenyewe. Alikuwa ananieleza kwa kujivunia kidogo, kama mtu anayekupa siri ya kuivisha ndizi. Nikamuuliza, siku ya Anaeli? Akafungua mdomo kujibu. Nikaona jibu linampita usoni kabla halijafika mdomoni. Akakaa chini, pale pale kwenye ngazi ya ofisi, na mzigo bado uko mgongoni.

Alisema, "Dada, mimi nilijua ule ulipotea na simu ilivyozimika." Kisha akasema, "Ilikuwa kweli. Asubuhi alikuwa na nafuu. Alinipa hata kofia yake." Alilia kwa sauti na watu wanapita. Hakuna aliyewahi kumsomea mstari wako, kaka. Wote tulijua ni wa Elisante, nani angemuuliza Godi?

Nilipanda nyumbani jana. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimwambia yote, polepole, sikuruka kitu: mstari wa Godi wa asubuhi ulifika mchana ukaufunika wa Elisante. Habari ya simu kwapani nilimwambia mara mbili kwa sababu aliuliza mara mbili. Nilidhani atalia. Aliendelea kumenya. Zilipoisha akanawa mikono, akauliza, "Kwa hiyo aliita?" Nikasema aliita, mama. "Na alikaa naye akijua wanakuja?" Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani kwake, na leo asubuhi nimeamka nimekuta kisu hakipo jikoni, yuko kule juu mpakani anachagua jani.

Na bado hajarudi. Wingu limeshuka mpaka kwenye kahawa, sioni hata kwa jirani. Nimesimama mara kadhaa kwenda getini. Je, akimfungia mlango? Mtu aliyetukanwa kanisani, sokoni, hata kwenye vilabu vya mbege, ambaye watoto wake wameulizwa shuleni baba yenu alilala? Ningekuwa mimi ningefunga mlango na kuweka gogo. Mungu anisamehe, lakini ndivyo nilivyo na unanijua.

Nasikia mbwa wa jirani. Subiri.

Kaka. Wamekuja wote wawili.

Mama mbele, Elisante nyuma, isale analo yeye, amelipokea, amelishika kwa mikono miwili kama mtoto anayetumwa na bakuli lililojaa. Walipita moja kwa moja hadi kwako, nyuma ya nyumba. Nilisimama mbali kidogo. Elisante alilichomeka lile isale kwenye udongo, upande wa kichwani, halafu akachota udongo, akaushikilia kiganjani muda mrefu, akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa kukubali. Akautia. Ule udongo aliokwenda kuumwaga njiani siku ile ameutia leo, na mama alikuwa amemshika mgongoni, pale pale ulipolala wewe alipokuwa anakushusha mlimani.

Elisante aliporudi barazani nilimwambia shikamoo. Akasema marahaba, akakohoa, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Mstari wake bado upo?"

Upo. Nilipohamisha data nilihamisha na ule wako, kama toleo la kwanza, sikuwa na moyo wa kuugusa. Nikamfungulia jina lako. Toleo moja tu. Nikamwambia, "Kaka Elisante, wako haujafika bado. Uandike." Nikamweleza kwamba programu ina saa mbili, ya kuandikwa na ya kufika, tutaweka saa ya kuandikwa ile ya siku ile, na saa ya kufika itakaa yenyewe, ya leo, asije mtu akasema tumedanganya. Na jina ataingia kwa la kwake. Alielewa haraka kuliko bosi.

Aliandika kwa kidole kimoja. Hakufikiria hata kidogo, maneno yalikuwa tayari, nadhani amelala nayo na kuamka nayo tangu siku ile. "Anaeli hawezi kutembea. Kifua kinakoroma. Leteni machela na oksijeni. Nipo naye." Akabonyeza. Alama ikazunguka, maana mtandao wa hapa kwetu unaujua, wingu likishuka nao unalala. Sote watatu tukainamia ile skrini ndogo. Ikawa ya kijani.

Elisante aliitazama ile alama. Akasema, "Ndiyo hii. Ndiyo hii niliyoiona." Mama akaniomba nimsomee alichoandika, miwani yake iko ndani. Nikasoma. Nikamalizia na yale maneno mawili, "Nipo naye." Akaniambia nirudie hayo mawili tu, nikarudia.

Mistari imejipanga yenyewe. Wa Godi umekaa chini, ni wa asubuhi, nimeutia jina lake na saa aliyonitajia, wa Elisante umekaa juu yake. Bosi akitaka kuufuta ule wa Godi kwa aibu, hataweza, na mimi sitakubali. Godi hakudanganya. Asubuhi ile kweli ulikuwa na nafuu, ulikuwa na kofia ya kumpa mtu, na mimi nataka toleo hilo lako nalo libaki.

Nakuahidi hilo, na jingine: maadamu niko hai na vidole vinafanya kazi, hakuna mgumu atakayefunikwa na mstari wa mwingine tena. Watakaponiambia seva imejaa nitawanunulia seva. Watakaponiambia nimekuwa mkaidi nitawaambia wakuulize wewe.

Lala salama, fundi wa vitu vizito. Mama ananiita, mtori unapoa, na Elisante amekaa kwenye kiti chako bila kujua. Nimemwacha akae.

Mdogo wako,
Aika